Chama cha Nani? Walio Wachache, Lugha na Siasa kutoka Transylvania hadi Nakivale

Miongoni mwa mafungu ya maneno yanayowatoa jasho wanafunzi wetu wa tafsiri hapa Kakoba ni hili linalotokana na siasa za Ulaya ya Mashariki: chama kinachowakilisha Wahungaria walio wachache nchini Romania. Mwanafunzi mmoja huandika "chama cha Wahungaria wachache". Msomaji ataelewa kwamba Wahungaria ni wengi, ila waliojiunga na chama hicho ndio wachache. Mwingine huandika "chama cha wachache", na yule aliyezoea taarifa za habari kutoka Nairobi atadhani tunazungumzia bunge, kwa kuwa nchini Kenya "kiongozi wa walio wachache" ni mkuu wa upande wenye viti vichache, awe ametoka kabila kubwa au dogo. Wa tatu huandika "chama cha kabila dogo la Wahungaria". Huyu amekaribia, lakini Wahungaria wana dola yao yenye watu karibu milioni kumi. Ni wachache pale tu walipojikuta upande wa pili wa mpaka.

Makala haya yanakusudia kulieleza jambo lenyewe, kwani asiyelijua jambo hawezi kulitafsiri. Aidha, sisi tulioko Mbarara tuna sababu yetu ya kulichunguza. Watu waliojikuta upande wa pili wa mpaka si habari ya mbali kwetu, na kambi ya Nakivale iko jirani.

Tuanze na Wahungaria. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Trianon wa tarehe 4 Juni 1920 uliiachia Hungaria karibu theluthi moja tu ya eneo lake la awali. Mamilioni ya wasemaji wa Kihungaria wakawa wakazi wa Romania, Czechoslovakia na Yugoslavia bila kuhama nyumba zao. Transylvania, wanakoishi wengi wao, ikawa sehemu ya Romania. Katika sensa ya mwaka 2021 watu wapatao milioni moja nchini humo walijitaja kuwa Wahungaria.

Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, Wahungaria hao waliunda chombo chao tarehe 25 ya mwezi huohuo. Jina lake ni Umoja wa Kidemokrasia wa Wahungaria wa Romania, na kwa Kiromania hufupishwa UDMR. Wenzetu wa fasihi watapenda kujua kwamba kiongozi wake wa kwanza, Domokos Géza, alikuwa mwandishi na mkuu wa shirika la uchapishaji; aliyemfuata, Markó Béla, aliyeongoza kuanzia 1993 hadi 2011, ni mshairi; na Kelemen Hunor aliyeshika uongozi mwaka 2011 ametunga mashairi na riwaya. (Wahungaria hutanguliza jina la ukoo.) Tusilichukue hili kama mwaliko wa idara kugombea ubunge, ila linaonyesha kiini cha siasa yao. Jambo kubwa wanalodai ni lugha: mtoto afundishwe kwa Kihungaria, mzee ahudumiwe ofisini kwa Kihungaria, na kibao cha barabarani kitaje jina la mji kwa lugha zote mbili. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 2001 iliruhusu lugha ya walio wachache kutumika katika ofisi za eneo ambako wasemaji wake wamefikia asilimia 20 ya wakazi. Kabla ya hapo damu ilikuwa imemwagika. Machi 1990, katika mji wa Târgu Mureș, uhasama uliochochewa kwa sehemu na madai ya shule za Kihungaria uligeuka mapigano kati ya jamii hizo mbili, na watu wakauawa.

Katika uchaguzi, UDMR hupata kura chache, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 7. Kizingiti cha kuingia bungeni ni asilimia 5, kwa hiyo kila uchaguzi huwa wa roho mkononi. Hata hivyo vyama vikubwa vinapokosa wingi wa viti huwaendea Wahungaria, nao wamekuwa wakiingia katika serikali za mseto tangu mwaka 1996. Na hapa kuna jambo ambalo mtafsiri asilipite haraka: kisheria UDMR si chama cha siasa. Ni umoja, jumuiya ya jumuiya. Sheria za Romania huruhusu jumuiya za walio wachache kusimamisha wagombea sawasawa na vyama.

Kiswahili chetu hakisumbuki na tofauti hiyo, maana neno "chama" hubeba yote. Kuna chama cha kuzikana, chama cha akina mama wa kuweka na kukopa, chama cha walimu, chama cha mapinduzi. Wanasheria hawana anasa hiyo. Kwao chama cha kusaidiana ni kitu kimoja na chama cha kutafuta madaraka ni kitu kingine, na katika nchi nyingi za Afrika Mashariki mstari kati ya viwili hivyo ndio unaoamua jamii ndogo itasema kupitia mdomo gani. Historia ya hapa kwetu ina mfano wa chombo kilichovuka mstari huo.

Novemba 1959 machafuko yalizuka Rwanda, na Watutsi wengi wakakimbia. Baadhi waliingia Ankole, na makazi ya Nakivale, yaliyotangazwa rasmi mwaka 1960 kando ya ziwa lenye jina hilo, yakawa mojawapo ya mahali walipopokelewa. Wakati huo eneo lote lilikuwa chini ya Mbarara. Wilaya ya Isingiro ilikuja kutengwa katika miaka ya 2000. Fred Rwigyema alilelewa katika kambi ya Nshungerezi, Ankole, baada ya familia yake kukimbia mwaka 1960. Paul Kagame, ambaye pia alikuja akiwa mtoto, alisoma Ntare School hapa mjini.

Huko walikotoka kulikuwa na vyama, na majina yake yanafaa kusomwa kwa jicho la mwanaisimu. Chama cha waliotaka mfalme abaki, ambacho wafuasi wake wengi walikuwa Watutsi, kilianzishwa Septemba 1959 kikajiita UNAR, yaani Umoja wa Kitaifa wa Rwanda. Hakuna kabila ndani ya jina hilo. Chama kilichoshinda, PARMEHUTU, kiliwataja Wahutu waziwazi. Waliokuwa wengi walijitaja kwa kabila lao, na waliokuwa wachache wakajifunika kwa neno "taifa". Sababu si ngumu kuiona: mwenye watu wengi akitaja kabila anahesabu kura zake, na mwenye watu wachache akitaja kabila anatangaza kushindwa.

Miaka 20 ilipita kambini na mitaani. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, wakimbizi wa Kinyarwanda waliunda shirika la ustawi la kuwasaidia wenzao waliokuwa wakiandamwa. Hicho kilikuwa chama kwa maana ya kusaidiana. Mwaka uliofuata kikabadili jina na lengo, kikawa Muungano wa Wanyarwanda kwa Umoja wa Kitaifa, unaojulikana kwa kifupi chake RANU. Angalia tena neno "umoja". Mwaka 1981 RANU ilihamia Nairobi, na baada ya Yoweri Museveni kuchukua madaraka mwaka 1986 ikarudi Kampala. Desemba 1987 ikawa RPF, Chama cha Wazalendo wa Rwanda, chenye lakabu ya Inkotanyi. Wengi wa wanachama wake walikuwa Watutsi wa uhamishoni na watoto wao, lakini mpango wake wa siasa ulitanguliza umoja wa Wanyarwanda wote na kukataa migawanyiko ya kikabila.

Ni nini kilichowafanya vijana waliozaliwa au kukulia Uganda waone chama cha kusaidiana hakitoshi? Majibu ni mengi, lakini moja liko hapahapa. Oktoba 1982, wakati wa serikali ya pili ya Milton Obote, viongozi wa wilaya ya Mbarara pamoja na vijana wa chama tawala waliwafukuza watu walioitwa Wanyarwanda katika mashamba yao. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Makumi ya maelfu walivuka kuingia Rwanda, na maelfu wengine wakasukumwa katika makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwa mojawapo. Waliofukuzwa hawakuwa wakimbizi peke yao. Walikuwemo raia wa Uganda ambao babu zao waliishi hapa kabla ya mipaka kuchorwa, na Wahima waliofananishwa tu. Neno moja, "Mnyarwanda", liliwakusanya wote. Baada ya hapo vijana wengi walijiunga na jeshi la msituni la Museveni. Mwaka 1986 Museveni aliahidi kwamba waliokaa nchini zaidi ya miaka kumi wataweza kuwa raia, lakini ahadi hiyo haikutimizwa, na kufikia 1990 mjadala wa mashamba ya mifugo ulikuwa umewarudisha katika kundi la wageni. Tarehe 1 Oktoba 1990 RPF ilivuka mpaka kwa silaha. Rwigyema aliuawa siku iliyofuata. Vita, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 na ushindi wa RPF Julai mwaka huo ni historia inayojulikana. Kwa mada yetu, inatosha kukumbuka kwamba katiba ya Rwanda ya mwaka 2003 ilivizuia vyama vya siasa kujengwa juu ya kabila au asili.

Tukirudi Ulaya kidogo, tunaona kwamba hata huko si kila mtu hutaja kabila lake katika jina la chama. Slovakia ina Wahungaria karibu asilimia 8. Mwaka 2009 mwanasiasa Béla Bugár alianzisha chama kilichoitwa Most–Híd. Neno la kwanza ni la Kislovakia, la pili la Kihungaria, na yote mawili yana maana moja: daraja. Wapigakura wa lugha zote mbili walialikwa kwa neno moja lililosemwa mara mbili. Mwanzoni walivuka. Lakini mwaka 2016 chama kiliingia katika serikali moja na wazalendo wa Kislovakia, na katika uchaguzi wa 2020 kikaambulia kama asilimia 2. Tangu hapo, hata baada ya uchaguzi wa 2023, hakuna chama cha Wahungaria kilichovuka kizingiti cha bunge la nchi hiyo. Serbia ilichagua njia nyingine: tangu mwaka 2004 orodha za walio wachache hazidaiwi kizingiti hicho.

Kwa maoni yangu, tofauti kubwa kati ya UDMR na RANU imo katika kile kilichodaiwa. Mhungaria wa Transylvania ana kitambulisho cha Romania mfukoni. Anachodai ni kusema lugha yake nyumbani kwake. Kijana wa Nakivale wa mwaka 1980 hakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote. Lugha yake haikumpa shida, kwani Kinyarwanda na Runyankore huelewana kwa kiasi, na watoto wengi walizungumza zote mbili. Alichokosa ni nchi, na chama kisichoweza kudai nchi kisingemfaa.

Je, Banyarwanda wa Uganda leo wanaweza kuunda chama chao cha siasa kama UDMR? Hapana. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 71, inataka kila chama kiwe na sura ya kitaifa, na inakataza uanachama kufungwa kwa misingi ya jinsia, kabila, dini au mgawanyiko mwingine. Sheria ya vyama ya mwaka 2005 imekaza zaidi. Inadai wanachama 50 katika angalau theluthi mbili ya wilaya za kila kanda ya nchi, na inapiga marufuku si uanachama wa kikabila tu, bali hata maneno, kaulimbiu au alama zinazoweza kuchochea mgawanyiko wa aina hiyo. Kenya nayo, katika ibara ya 91 ya katiba yake ya mwaka 2010, inakataza chama kuundwa kwa msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Lugha imetajwa kwa jina! Chama cha watetezi wa Kihungaria kingekwama mlangoni Nairobi.

Mambo hayakuwa hivyo daima. Mwaka 1961 Buganda ilizaa Kabaka Yekka, jina lenye maana ya "Kabaka pekee". Mwaka 1960 nchini Kenya makabila yaliyohofia kumezwa na Wakikuyu na Wajaluo yaliungana katika KADU chini ya Ronald Ngala, yakitetea majimbo, mpaka chama hicho kilipojivunja mwaka 1964. Jina la KADU, kama la UNAR, halikutaja kabila lolote, ila kila mtu alijua waliomo.

Kwa kuwa mlango wa chama umefungwa, jamii ndogo nchini Uganda hupitia mlango mwingine: Jedwali la Tatu la katiba. Hili ni orodha ya jamii za asili zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Aliyezaliwa nchini, akiwa na mzazi au babu wa mojawapo ya jamii hizo, ni raia wa kuzaliwa. Mwaka 1995 orodha ilikuwa na majina 56. Marekebisho ya mwaka 2005 yaliifikisha 65. Jina "Banyarwanda" limo. Kwa hiyo jamii zisizomo hazigombei viti vya ubunge kwanza. Zinagombea mstari mmoja katika jedwali. Wamaragoli wanaoishi Uganda wamekuwa wakiomba hivyo kwa miaka mingi.

Kuwemo nako hakukumaliza tatizo, na hapa ndipo walimu wa lugha tunapohitajika. Kinyarwanda husema Abanyarwanda na Kiganda husema Abanyarwanda, bila kutofautisha mtu wa jamii hiyo na raia wa Jamhuri ya Rwanda. Kiswahili sanifu nacho hutia kiambishi wa- na kupata "Wanyarwanda". Mkulima wa Isingiro ambaye babu yake alizaliwa Isingiro anaitwa kwa neno lilelile analoitwa mtalii kutoka Kigali. Akienda kuomba pasipoti, ofisa anaposikia jina hilo humwuliza alivuka mpaka lini. Ndiyo maana katika miaka ya 2020 baadhi ya wanajamii, kupitia baraza linalojiita Abavandimwe, walianza kudai jamii ibadilishiwe jina katika jedwali. "Abavandimwe" ni ndugu, watu wa damu moja. Wapo wanajamii wanaopinga, wakisema jina la mababu haliachwi kwa sababu ya usumbufu wa dirishani. Sitaamua kesi hiyo. Nitasema tu kwamba wenzao wa Kivu ya Kusini walikwishafanya vivyo hivyo: waliacha kuitwa kwa jina la nchi jirani wakajiita Banyamulenge, watu wa Mulenge, kwa jina la mahali. Jina jipya halikuwaondolea maadui, kama wanavyoweza kusimulia wale ambao leo wanaishi Nakivale.

Pendekezo langu kwa watafsiri ni kuacha "Banyarwanda" kama lilivyo tunapowataja raia wa Uganda wa jamii hiyo, na kutumia "Wanyarwanda" kwa raia wa Rwanda. Wasanifu wakali watanung'unika kwamba ba- si kiambishi cha Kiswahili. Ni kweli, lakini Kiswahili cha Kongo kimekuwa kikikitumia muda mrefu bila kuomba ruhusa, na hapa herufi moja inamwokoa mtu na swali la mpaka. Kwa upande wa Ulaya, "Wahungaria wa Romania" inatosha, mradi tueleze kwamba ni raia wa Romania.

Nakivale ya leo ina Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, na pia Wanyarwanda, safari hii wengi wao wakiwa Wahutu waliokuja mwaka 1994 na baadaye. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 imewapa ardhi ya kulima, haki ya kufanya kazi na kutembea, mambo ambayo nchi nyingi haziyatoi. Lakini inamkataza mkimbizi kushiriki siasa ndani ya Uganda, iwe za mtaa au za taifa. Tena ibara ya 12 ya katiba inamnyima nafasi ya kujiandikisha kuwa raia kwa kuzaliwa mtu ambaye mzazi au babu yake alikuwa mkimbizi nchini. Mjukuu, basi, hurithi hadhi ya babu.

Kinachobaki ni Mabaraza ya Ustawi wa Wakimbizi. Yana ngazi tatu, yameigwa kutoka mabaraza ya mitaa ya Uganda, na wajumbe wake huchaguliwa na wakimbizi wenyewe. Kazi yake ni maji, mipaka ya mashamba, ugomvi wa majirani, malalamiko ya mgao wa chakula. Hakuna vyama. Hata hivyo katika kijiji chenye watu wa mataifa manne, mgombea hapati kura za nje ya jamii yake asipopata lugha ya kuwafikia, na kwa Wakongo na Warundi lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Mwanafunzi wa isimujamii anayetafuta mada ya tasnifu asiende mbali: asikilize namna mgombea anavyosema "sisi" mbele ya watu ambao si wa kabila lake, na lini anapobadili lugha.

Kwa zoezi la muhula ujao, walimu wa tafsiri wanaweza kuwapa wanafunzi kile kifungu cha sheria ya vyama ya mwaka 2005 kinachokataza uanachama wa kikabila, waweke Kiswahili chake. Kifungu kinataja asili na kabila kana kwamba ni vitu viwili. Wanafunzi waeleze kwanza kwa mifano ya Kakoba na Isingiro tofauti yake ni ipi, ndipo waandike.